Huyu Mnyama wa Baharini Ametufikiaje Huku?

Swali lilitoka kwa mama mmoja wa Rhino Camp, kule upande wa Arua. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda cha mwanawe, anatunga shanga za karatasi, zile ambazo nusu ya akina mama wa wodini hutunga ili siku ipite na pesa ya chai ipatikane. Hakuniangalia. Alikuwa anatafuta tundu la shanga kwa ncha ya sindano.

“Musawo, hii dawa munachoma mutoto mugongoni, inatoka wapi?”

Nimezoea kuulizwa bei. Naulizwa kama nywele zitarudi, kama mtoto anaruhusiwa kula embe, kama kuna namna ya kwenda nyumbani Krismasi. Inatoka wapi, hilo nilikuwa sijaulizwa katika miaka yote ya kuchanganya dawa za kansa hapa Kampala. Nikamjibu neno moja: baharini.

Alicheka mpaka shanga zikamwagika. “Bahari gani? Sisi huku iko Nile tu.”

Mtoto naye akacheka, ila kwa upande mmoja, kwa sababu taya la kushoto lilikuwa bado limevimba. Alikuwa na miaka minane. Nilimwita Kapteni kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiamua nani katika wodi ile ashike rimoti. Ugonjwa wake ni limfoma ya Burkitt, aina ya kansa inayovimbisha taya hivyo, na sindano ya siku ile, sitarabini, ilikuwa ya kuwinda seli za kansa zinazoweza kujificha kwenye maji ya uti wa mgongo na ubongo. Nilimwahidi mama yake kwamba nikimaliza zamu nitakuja na huyo mnyama wa baharini mkononi.

Ninaye kwenye droo ya ofisi. Nilimwokota pwani ya Kanamai, kaskazini ya Mombasa, mwaka nilioiona bahari kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 27. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi ya Naguru. Baba Mualuri, mama wa Tororo, na lugha ya kupatana ndani ya nyumba ikawa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa kimejaa bahari ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Tuliimba juu ya mawimbi, tukatega vitendawili vya jahazi, na maji makubwa kuliko yote tuliyoyajua yalikuwa pale Port Bell.

Mama Kapteni alipokigusa kile kipande alisema, “Hii si ekyangwe?” Kosa hilo hufanywa na kila mtu, hata mimi nililifanya. Ekyangwe ya kuogea, ambayo watu wa pwani huiita dodoki, ni tunda la mmea unaotambaa, limekaushwa likabaki nyuzi. Sifongo ni mnyama. Hana mdomo, hana moyo, hana ubongo, hana tumbo. Amejishika kwenye jiwe, na mwili wake wote ni matundu na mifereji. Maji yanaingia kwa matundu madogo, yanatoka kwa makubwa, naye anakula kilichomo. Kilo moja ya sifongo inaweza kupitisha hadi lita 24,000 za maji kwa siku. Ukoo wake umo baharini kwa zaidi ya miaka milioni 500, na aina zilizokwisha kupewa majina zinapita 9,000.

Sasa mfikirie kiumbe wa namna hiyo. Kasa akija kumng'ata, hakimbii. Jirani akianza kuota juu yake, hana mkono wa kumsukuma. Silaha yake ni sumu tu. Katika Bahari ya Sham yuko sifongo mwekundu aitwaye Negombata magnifica. Ukimkamua hutoa maji mekundu, na samaki waliofungiwa ndani ya maji hayo huanza kuyumba, kisha hufa baada ya dakika chache. Ndani yake wanakemia walipata latrunkulini, inayovunja nyuzi zinazoipa seli umbo lake. Siku hizi maabara za dunia nzima huinunua ili kuchungulia jinsi seli inavyotembea.

Sifongo aliyemfikia Kapteni hakuwa maarufu kwa lolote. Mwaka 1945 mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Yale, Werner Bergmann, alikusanya sifongo kwenye maji ya kina kifupi karibu na Elliott Key, Florida. Kazi yake ilikuwa mafuta ya viumbe vya baharini; kansa haikuwa shughuli yake. Akachemsha sifongo wake kwa asetoni, na badala ya mafuta aliyoyatazamia zikamtulia fuwele. Kwa watu wa maabara fuwele ni neema, maana kitu kinachoganda hivyo kimeshaanza kujisafisha chenyewe. Yeye na Robert Feeney walipozichambua, mwaka 1950 na 1951 wakatangaza vitu viwili, spongothimidini na spongouridini.

Hapo nilisita, nikajiuliza nitamwelezaje mama huyu habari ya sukari. Zile shanga zikaniokoa.

Seli ikitaka kugawanyika, nilimwambia, lazima kwanza itunge upya uzi wake wa vinasaba, shanga kwa shanga, mamilioni kwa mamilioni, na shanga zenyewe ni za aina nne tu. Kila shanga ina kipande cha sukari, na hapo ndipo uzi unapopita. Shanga za sifongo yule wa Florida zina sukari nyingine, arabinosi. Tofauti ni ndogo sana: kimkono kimoja kinachoelekea chini kwenye sukari iitwayo ribosi, hapa kimeelekea juu. Ukiitazama haraka ni shanga ileile. Seli inaichukua, inaitunga, na shanga inayofuata haikai vizuri. Kazi inasuasua, kisha inasimama.

Mama Kapteni alichagua shanga moja iliyokunjwa vibaya, tundu limekwenda pembeni. Akaipitisha kwenye uzi, akasukuma nyingine juu yake, akaona zinavyopandana. Akaitoa akaitupa. “Hii inaharibu mukufu yote,” akasema. Nimesoma kemia ya dawa miaka minne na sikupata kuisikia ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Richard Walwick, Walden Roberts na Charles Dekker wakatengeneza shanga ya tatu ya ukoo ule, yenye sitosini, mojawapo ya zile aina nne. Ndiyo sitarabini. Marekani iliiruhusu kuwa dawa mwaka 1969, na leo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Kiwandani hakuingii sifongo hata mmoja. Mnyama alitoa wazo, watu wakachukua mchoro wakaondoka, yeye akabaki kwenye jiwe lake. Kwa hiyo nilipomjibu mama yule “baharini” nilikuwa nimerahisisha mambo, na nilimwambia hivyo.

Ila lile swali lake la “sisi huku iko Nile tu” liliendelea kunisumbua, kwa sababu ukilifuata kwa upande wa pili, huku kwetu tumo ndani ya hadithi hii zamani sana. Mwaka 1957, hapa hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt aje amtazame mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1958 Burkitt akaandika makala yake juu ya uvimbe huo. Mwaka 1961 akafunga safari ya zaidi ya kilomita 16,000 kwa gari kuukuu, akipita hospitali baada ya hospitali akiuliza nani amewaona watoto wa namna hiyo. Mmoja wa wenzake wawili garini alikuwa Ted Williams, daktari wa Hospitali ya Kuluva, pale pale Arua. Nilipotaja Kuluva, mama Kapteni aliacha shanga kabisa. Dada yake alijifungulia Kuluva.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na aliyekaa anasikiliza ni mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli hizo. Ni kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na mkono katika kansa ya binadamu. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha limfoma Mulago, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwa hiyo sitarabini iliporuhusiwa, kituo kilikuwa na miaka miwili tayari. Uvimbe huu huweza kujiongeza mara mbili kwa siku moja au mbili. Ukali huohuo unaumaliza: seli inayotunga shanga mbio namna hiyo ndiyo inayokula shanga mbovu nyingi zaidi.

Nije kwenye chumba changu cha kuchanganyia, maana huko ndiko ninakojua zaidi ya historia.

Mtoto kama Kapteni hupata pia vinkristini. Hiyo inatoka kwenye ua la Madagaska, lile la waridi na jeupe ambalo watu wa hapa hupanda mbele ya nyumba bila kujua ni nini. Vinkristini huingia kwenye mshipa, sitarabini huweza kuingia kwenye mgongo. Zikibadilishana njia, ile ya ua ikaenda mgongoni, mgonjwa hufa, na hufa kwa mateso. Waliopona duniani ni wa kuhesabu. Ndiyo maana inashauriwa vinkristini ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu na isionekane kabisa ndani ya sirinji, ili hata mtu aliyechoka saa kumi za jioni asipate cha kukosea. Mimi huziandaa kwa saa tofauti na meza huipangusa katikati. Wenzangu wananicheka. Wacheke.

Uoga huo una mwanzo wake. Miaka ya nyuma, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nilikuwa naandaa sindano ya mgongo. Sitarabini ile ilikuja kama unga mweupe chini ya kichupa, inabidi uuyeyushe. Nilinyoosha mkono kwenye trei, nikachukua kichupa cha maji, nikavuta, nikaingiza, nikazungusha taratibu mpaka unga ukapotea. Nesi aliyekuja kuichukua ana tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, hata kwenye maboksi ya biskuti. Akainua kile kichupa cha maji kilichobaki, akasoma kwa sauti: benzili alkoholi. Ni kihifadhi. Kwenye mshipa wa mtu mzima kidogo chake hakina neno. Kwenye maji ya uti wa mgongo wa mtoto kinaunguza mishipa ya fahamu. Hakusema kitu kingine. Alikiweka mbele yangu akasimama anasubiri nitupe nilichoandaa na kuanza upya. Mikono yangu ilitetemeka hivi kwamba kichupa cha pili ilibidi akifungue yeye.

Siku Kapteni alipochomwa nilikuwepo. Alijikunja kama kamba wa ziwani, magoti kifuani, nesi amemkumbatia kwa mbele, na akahesabu kwa Kilugbara kwa sauti ya juu mpaka ilipokwisha. Kisha akalala chali anaangalia dari na kuagiza rimoti.

Kwa watu wazima wenye kansa ya damu dawa ileile hutolewa kwa namna nyingine. Ini huiharibu haraka, kwa hiyo kwa leukemia kali huachwa idondoke usiku na mchana siku saba. Au hutolewa kwa dozi kubwa mno, na hapo hatari yake ni ubongo wa nyuma, ule unaoshika mizani. Kabla ya kila dozi tunampima mgonjwa: gusa pua, gusa kidole changu, tembea hatua tano, andika jina lako. Tulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi ambaye aliona ni aibu kuandika jina tu. Kila asubuhi aliandika tarehe, akapiga mstari chini yake kwa rula ya kadi ya benki, akaandika sentensi moja ya kuwatania manesi. Asubuhi ya siku ya tatu mstari ulikuwa sawa, lakini herufi zilikuwa zinapanda mlima. Yeye ndiye aliyegundua kwanza. Akarudisha faili akasema, “Huyu mwanafunzi arudie darasa.” Dozi ya siku ile haikutoka chumbani kwangu.

Nasimulia haya kwa sababu ya mtu mwingine kabisa, muuza dawa mmoja wa pale karibu na teksi paki. Ana kipaza sauti na mitungi, na mwaka huu ameongeza mtungi wa unga wa kijivu: “sponji ya bahari, inamaliza kansa, wazungu wenyewe wamekubali.” Kijiko kimoja kwenye maji ya moto, asubuhi na jioni. Nilisimama kusikiliza. La kuudhi ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Wazungu wamekubali, Wajapani nao wamekubali.

Wajapani ndio wanaonipa hesabu ya kumjibu. Mwaka 1986 Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura waliandika juu ya halikondrini B, waliyoipata kwa sifongo mweusi wa kwao, Halichondria okadai. Walitumia kilo 600 za sifongo. Ni sawa na magunia sita ya mahindi. Walichopata mwishoni ni miligramu 12.5. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili ina uzito kuliko hiyo.

Dawa iliyozaliwa na molekuli ile inaitwa eribulini, ya kansa ya matiti iliyokwisha kusambaa, na Marekani iliiruhusu mwaka 2010. Dozi yake ni miligramu 1.4 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara mbili katika siku 21. Mwanamke wa kimo cha kawaida anahitaji kama miligramu 2.2 kwa sindano. Kwa hiyo hata tukijifanya kwamba molekuli ya sifongo na dawa ni kitu kimoja, magunia sita hayamfikishi mgonjwa mmoja mwisho wa mzunguko wa tatu. Muuza dawa ana kijiko. Na ndani ya kijiko kile, kama kweli ni sifongo, mna miiba midogo ya kioo ambayo ndiyo mifupa ya aina nyingi za mnyama huyo.

Ndiyo maana ilibidi molekuli ijengwe na watu. Yoshito Kishi na wenzake wa Harvard walifanikiwa kuijenga halikondrini B nzima mwaka 1992, na katika kazi hiyo ikaonekana kwamba nusu moja ya molekuli ndiyo inayoua seli. Nusu hiyo, ikarekebishwa, ndiyo eribulini, na kuitengeneza kiwandani ni hatua 62. Na baada ya kazi hiyo yote? Katika jaribio kubwa la wanawake 762 lililochapishwa mwaka 2011, waliopewa eribulini waliishi kwa wastani miezi 13.1, wenzao waliopewa matibabu mengine miezi 10.6. Miezi miwili na nusu. Wapo wanaosema ni kidogo. Mimi nimeona mtu akiomba wiki mbili tu ili afike kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho, ya bintiye, kwa hiyo sibishani na mtu juu ya miezi miwili na nusu. Eribulini yenyewe sijawahi kuishika mkononi.

Jambo jingine, kwa kuwa naona watu wanalirudia sana: eti hata ARV zilitoka kwa sifongo. Hapana. AZT, mojawapo ya ARV hizo, aliitengeneza Jerome Horwitz maabara mwaka 1964, akiitafutia kazi kwenye kansa. Ikashindwa, ikawekwa kabatini, ikaja kupata kazi yake mwaka 1987. Anachoweza kudai sifongo ni kwamba shanga zake ziliwaonyesha wanakemia mapema kuwa ukigeuza sukari unaweza kuidanganya seli. Ndugu yake sitarabini, vidarabini, aliwahi kuwa dawa ya virusi vya malengelenge. Tumpe haki yake, tusimwongezee.

Na huenda hata haki hiyo agawane. Sifongo wengine hujaa bakteria hadi karibu nusu ya uzito wao, na mwaka 2014 kundi la mtafiti Jörn Piel lilionyesha kwamba kwa sifongo mmoja, Theonella swinhoei, karibu sumu zote maarufu zinapikwa na bakteria anayeishi ndani yake. Mwenye nyumba anasifiwa, mpangaji ndiye mpishi.

Kapteni alimaliza kemo yake. Taya lilirudi, na cheko likawa la pande zote mbili. Siku ya kuondoka mama yake aliuliza tena, safari hii akinitazama usoni, kama mnyama yule hawezi kupatikana Nile. Nikamwambia ukweli: wako sifongo wa maji baridi, Tanganyika wapo wengi, na hata mitoni huota kwenye vijiti na mawe yaliyozama, mara nyingi rangi ya kijani. Si dawa, nikarudia mara tatu. Si dawa.

Wiki iliyopita WhatsApp ililia usiku. Picha kutoka Rhino Camp: mkono wa mtoto, kijiti kilicholowa, na juu yake kitu cha kijani kilichojikunjakunja kama chapati iliyoshindwa. Chini yake ameandika: Kapteni anauliza, ni huyu?

Nikaikuza picha mpaka ikawa vumbi tupu. Inaweza kuwa sifongo, inaweza kuwa ukoga. Nikakumbuka kwamba sifongo wa mtoni akitolewa majini hutoa harufu mbaya, nikaandika: mwambie anuse.

Ikapita kama dakika moja.

“Amelia,” akajibu. “Ametupa mbali.”